Mwana wa Seremala na Gesi Zisizotii Sheria

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea na makala haya, nenda kwanza jikoni. Kama nyumbani kwenu mwapikia gesi, zima jiko, kisha ushike ule mtungi uutikise kidogo. Wasikia nini? Kuna kitu chacheza ndani kama maji. Sasa jiulize: gesi ina maji gani? Ile inayotoka kwenye jiko ni kama hewa, haishikiki wala haimwagiki, lakini mle ndani ya chuma imelala kama mafuta ya taa chupani. Haya, linganisha na ule mtungi mrefu wa oksijeni uliosimama kando ya kitanda cha mgonjwa hospitalini. Ule presha yake ni kubwa kuliko ya huo wa jikoni mara nyingi, yaani gesi imeshindiliwa hasa, lakini ndani hamna hata tone la majimaji. Ni gesi tupu.

Mbona gesi moja ikikandamizwa yageuka majimaji na nyengine yakataa katakata?

Swali hili liliwahangaisha wataalamu wa Ulaya kwa sehemu kubwa ya karne ya 19. Aliyelifungua hakuwa profesa wala hakuwa na maabara yake. Alikuwa mwalimu wa shule, mtoto wa seremala, na chuo kikuu cha mji aliozaliwa kilikuwa hakimruhusu kufanya mitihani. Jina lake ni Johannes Diderik van der Waals. Waliopitia kidato cha pili katika mfumo wa 8-4-4 wamelisikia, kwani limo katika kemia pale panaposomeshwa "nguvu za van der Waals". Twalikariri, twaliandika kwenye karatasi ya mtihani, twapata alama zetu mbili, basi. Wachache mno walioambiwa kuwa hilo ni jina la mtu, na kwamba mtu huyo nusura asisome.

Nikaha na ujirani

Kwanza tuelewane juu ya nguvu zenyewe. Maji, mafuta, sukari, hewa, vyote hivi vimeundwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo molekuli. Molekuli moja ya maji ina atomi mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni, nazo zimeshikana kwelikweli. Tuseme zimefungwa nikaha. Lakini glasi moja ya maji ina molekuli zisizohesabika, na molekuli hii na ile hazikufungwa nikaha. Ni majirani tu. Hata hivyo jirani na jirani huvutana, na mvutano huo ndio tunaouzungumzia hapa.

Ni mdogo. Katika maji, kumtenga jirani na jirani mwenzake kwahitaji nishati kama moja kwa ishirini ya ile ya kuvunja nikaha yenyewe. Ndiyo maana maji yakichemka sufuriani hayavunjiki yakawa haidrojeni na oksijeni. Majirani tu ndio walioachana, kila mmoja akaenda zake na familia yake nzima. Mvuke ni maji yale yale. Na lau si mvutano huu mdogo, kusingekuwa na maji ya kunywa, wala mafuta ya kupikia, wala nta ya mshumaa. Vyote vingekuwa hewani.

Sasa turudi nyuma kidogo katika historia.

Sheria na waasi wake

Mwaka 1662 Robert Boyle, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa akiishi Uingereza, alichapisha kanuni ambayo hadi leo ni miongoni mwa za kwanza kusomeshwa: ukiikandamiza gesi kwa presha maradufu, nafasi yake yapungua nusu. Kanuni nzuri, tena rahisi. Lakini ikichukuliwa kuwa kweli kabisa, yadhani mambo mawili bila kuyasema: ati molekuli hazina ukubwa wowote, na ati hazivutani hata kidogo. Mambo yangekuwa hivyo, hakuna gesi ambayo ingegeuka majimaji, hata uikandamize vipi. Na gesi zilikuwa zikigeuka. Michael Faraday aliigeuza klorini mjini London mwaka 1823, na kufikia mwaka 1845 alikuwa amezishinda nyengine kadhaa. Zilibaki chache zilizomkatalia, miongoni mwazo oksijeni, naitrojeni na haidrojeni. Watu wakazipa jina la "gesi za kudumu", kana kwamba ndiyo tabia yao na basi.

Mwanga wa kwanza ulitoka Belfast. Mwaka 1869 Thomas Andrews alieleza majaribio yake ya gesi ya kaboni dayoksaidi. Chini ya digrii 31 hivi za Selsiasi, presha yaigeuza kuwa majimaji. Juu ya hapo, ongeza presha upendavyo, haigeuki. Na ukifika kwenye mpaka wenyewe, ule mstari unaotenganisha majimaji na gesi ndani ya bomba la kioo wafifia, kisha watoweka ukiutazama. Andrews aliuona mpaka huo, akaupima vizuri. Ila kwa nini upo, hilo lilibaki.

Mwalimu aliyekosa Kilatini

Van der Waals alizaliwa Leiden, Uholanzi, tarehe 23 Novemba 1837, kifungua mimba wa watoto kumi. Kwa mtoto wa fundi zama hizo masomo yalikuwa na kikomo, naye akiwa na miaka 15 hivi akawa mwanagenzi wa ualimu katika shule ya msingi. Akawa asomesha huku yeye mwenyewe asoma, akipanda cheti kwa cheti: kwanza cha ualimu, kisha cha kumwezesha kuwa mwalimu mkuu.

Mji wa Leiden una chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1575, kikongwe kuliko vyote nchini humo. Lakini mlango wake ulikuwa na kufuli: Kilatini na Kigiriki. Asiyezisoma lugha hizo hakuruhusiwa kufanya mitihani ya chuo, hata kama hesabu azijua kuliko walioko ndani. Na shule zilizosomesha Kilatini si zile walizokwenda watoto wa maseremala. Hebu zingatia hapa, msomaji. Hakuna aliyesema kijana huyu hana akili. Hakuna aliyemfukuza. Lilikuwa sharti tu, limeandikwa kwenye karatasi, nalo likatosha.

Kulikuwa na mwanya mdogo. Mtu wa nje aliweza kuhudhuria masomo machache kila mwaka, bila kuhesabiwa mwanafunzi kamili. Kuanzia 1862 akajipenyeza hapo, akasoma hesabu, fizikia na elimu ya nyota. Mwaka 1865 alipata kazi ya kusomesha fizikia katika shule mpya ya sekondari mjini Deventer, na mwaka huo huo akamuoa Anna Magdalena Smit. Mwaka uliofuata akahamia The Hague, na kutoka hapo hadi Leiden si mbali, akaendelea kuhudhuria. Hatimaye serikali ikaanza kuwasamehe wanafunzi wa sayansi lile sharti la Kilatini na Kigiriki. Akafanya mitihani, akapita. Tarehe 14 Juni 1873, mtu mzima wa miaka 35 mwenye mke na watoto, alisimama kuitetea tasnifu yake ya udaktari.

Kichwa cha tasnifu hiyo kwa Kiswahili ni kama hivi: Juu ya Mwendelezo wa Hali ya Gesi na Hali ya Majimaji. Neno lenye uzito hapo ni "mwendelezo". Wengi walidhani gesi ni kitu kimoja na majimaji ni kitu chengine. Yeye, baada ya kusoma maandishi ya Mjerumani Rudolf Clausius ya mwaka 1857 kuhusu joto kuwa ni mwendo wa molekuli, aliona kwamba ni watu wale wale katika hali mbili. Wakienda mbio, mvutano hauwashiki, nao ni gesi. Mwendo ukipungua, mvutano wawakamata, nao ni majimaji.

Akachukua ile kanuni ya zamani ya gesi akaitia marekebisho mawili. La kwanza ni la ukubwa. Ukisema matatu ina nafasi kadhaa, usisahau kwamba abiria nao wana miili; nafasi iliyobaki ya kusogea si matatu nzima, ni matatu ukitoa abiria. Vivyo hivyo molekuli zachukua sehemu ya chombo, na sehemu hiyo lazima itolewe katika hesabu. Aliipa herufi b.

La pili ndilo lililobeba siri. Presha ya gesi ni kipigo cha molekuli zikigonga ukuta wa chombo. Sasa fikiria mtu anayetaka kutoka barazani, na wenzake wamemshika kanzu, "kaa kidogo bwana". Atafika mlangoni, ndiyo, lakini hatafika kwa kasi aliyokusudia. Molekuli inayokaribia ukuta imeshikwa kanzu na zilizo nyuma yake, kwa hivyo kipigo chake chapungua. Kadiri zinavyosongamana ndivyo wanaoshika kanzu wanavyozidi. Kipimo cha mvutano huo alikipa herufi a, na kila gesi ina a yake.

Ni herufi mbili tu, na mambo yakakaa sawa. Ukijua a na b za gesi, waweza kukokotoa ule mpaka wa joto alioupima Andrews. Kwa kaboni dayoksaidi hesabu ilikaribiana na kipimo cha Belfast. Na mitungi yetu miwili sasa yaeleweka. Gesi ya kupikia ni propeni na biuteni, ambazo molekuli zake zavutana vya kutosha. Mpaka wa propeni ni kama digrii 97, wa biuteni 152. Jikoni kwetu, hata Mombasa mwezi wa Februari, tuko chini sana ya hapo, kwa hivyo presha kidogo tu yatosha kuzilaza. Mpaka wa oksijeni ni digrii 118 chini ya sifuri. Kwa oksijeni, wodi ya hospitali ni joto kali mno. Zile "gesi za kudumu" hazikuwa za kudumu kamwe. Zilikuwa hazijapata baridi ya kutosha.

Kuna jambo jengine kuhusu tasnifu hii ambalo mimi hulipenda. Iliandikwa kwa Kiholanzi. Wakubwa wa sayansi enzi hizo waliandika Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza. James Clerk Maxwell, Mskochi aliyekuwa miongoni mwa vigogo wa fizikia duniani, aliisoma na kuiandikia tathmini katika jarida la Nature mwaka 1874. Alikosoa baadhi ya hesabu, lakini alikiri kwamba jina la mtu huyu litakuwa miongoni mwa ya mbele katika elimu ya molekuli, na kwamba kazi hiyo imewafanya watu wengine waanze kujifunza Kiholanzi. Tafsiri ya Kijerumani ilitoka 1881. Yaani mtu aliyezuiliwa mlangoni kwa kukosa Kilatini aliandika kwa lugha ya kwao, na vigogo ndio waliohangaika kumfuata. Wale wanaosema ati kemia haiandikiki kwa Kiswahili na walitafakari hilo, ingawa hayo ni mazungumzo ya siku nyengine.

Baridi

Mwaka 1877 mwalimu wetu alifanywa profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Amsterdam. Mwaka huo huo, mwezi wa Desemba, Louis Cailletet nchini Ufaransa na Raoul Pictet kule Geneva walipata, kila mmoja kwa njia yake, dalili za kwanza za oksijeni iliyogeuka majimaji. Kwa Cailletet ilikuwa ni ukungu wa kupita. Mwaka 1883 Zygmunt Wróblewski na Karol Olszewski wa mji wa Kraków wakaipata ikichemka kwa utulivu ndani ya bomba. James Dewar akaishinda haidrojeni London mwaka 1898, katika baridi ya digrii 253 chini ya sifuri.

Katikati ya mafanikio hayo nyumba ya van der Waals iliingia giza. Mkewe Anna alifariki mwaka 1881 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 34, akamwachia watoto wanne. Hakuoa tena. Mwaka mmoja tu nyuma alikuwa ametoa kanuni yake nyengine kubwa, inayoonyesha kwamba gesi zote zafuata mkondo mmoja ukizipima kila moja kwa mpaka wake. Baada ya msiba ikapita kama miaka kumi bila kuchapisha kitu.

Kanuni hiyo ya 1880 ndiyo aliyoitumia Heike Kamerlingh Onnes, profesa wa Leiden, kuisaka gesi ya mwisho iliyobaki, heliamu. Kwa kuipima heliamu katika joto ambalo ingali gesi, aliweza kukisia ni baridi kiasi gani itakayoilaza, kabla hajaifikia. Tarehe 10 Julai 1908 kazi ilianza alfajiri ikaenda hadi usiku. Kipimajoto kilifika mahali kikakwama, na kwenye kioo hakuonekana kitu. Mwenzao mmoja aliyekuja kutazama akatoa rai: huenda kipimo kimekwama kwa sababu tayari kimezama. Wakamulika kutoka chini, na kweli, ukingo wa majimaji ukaonekana, safi kama kioo. Kama mililita 60, hazijai kikombe cha kahawa, katika digrii 269 chini ya sifuri. Hakuna kitu kinachochemka katika baridi zaidi ya hiyo, kwani hakuna majirani wanaovutana kwa udhaifu kama atomi za heliamu. Na mji ulikuwa Leiden, chuo kile kile cha Kilatini.

Mwaka 1910 van der Waals, mzee wa miaka 72 kuelekea 73, alitunukiwa tuzo ya Nobel ya fizikia. Katika hotuba yake alisisitiza kwamba molekuli ni vitu vya kweli. Leo twashangaa kwa nini mtu ahitaji kusisitiza hilo, lakini kwa miaka mingi kulikuwa na wakubwa kama Ernst Mach na Wilhelm Ostwald walioziona atomi na molekuli kuwa ni njia tu ya kupigia hesabu. Ostwald alikubali karibu mwaka 1909. Seremala wa molekuli alikuwa amejenga juu yake tangu 1873.

Kwa nini zavutana?

Hata hivyo deni moja lilibaki. Van der Waals alipima mvutano, hakueleza watoka wapi. Hakuwa na namna: elektroni yenyewe iligunduliwa 1897, naye alikuwa na karibu miaka 60.

Jibu lilikuja vipande vipande. Willem Keesom, mwanafunzi wake van der Waals mwenyewe, alishughulikia zile molekuli zenye upande chanya na upande hasi. Hizo hugeukiana kama sumaku, chanya ya hii ikaelekea hasi ya ile. Kisha mwaka 1920 Peter Debye, Mholanzi wa Maastricht, akaonyesha kwamba molekuli ya namna hiyo ikimkaribia jirani asiye na pande, humvuruga elektroni zake naye akapata pande kwa muda. Vizuri. Lakini heliamu je? Argoni je? Hizo hazina upande chanya wala hasi, tena hakuna mwenye pande karibu yao wa kuzivuruga, na bado zageuka majimaji.

Aliyelijibu hilo ni Fritz London, mwaka 1930, akiwa Berlin. Hapa niwatahadharishe wanafunzi: "nguvu za London" hazihusiani kabisa na mji wa London. Ni jina la ukoo la Mjerumani huyu. Wazo lake waweza kulielewa ukisimama Likoni. Abiria wa feri hawatulii. Wakati wowote ukipiga picha, utakuta upande mmoja wamezidi kidogo. Elektroni nazo ndivyo zilivyo. Kwa wastani zimejipanga sawa, lakini kwa nukta hii wamezidi huku, nukta ijayo kule. Kila zinapozidi upande mmoja, elektroni za jirani hukimbizwa upande wa pili, kwani hasi na hasi hazipatani, na papo hapo chanya ya mmoja yaikabili hasi ya mwengine. Zavutana, zaachana, zavutana tena, haraka kupita kiasi, na jumla yake ni mvutano. Wahitaji ukaribu sana: ukizidisha umbali mara mbili, nishati ya mvutano huo yapungua mara 64.

Na elektroni zikiwa nyingi, mvutano wazidi. Tazama safu ya halojeni: klorini ni gesi, bromini ni majimaji, aidini ni kitu kigumu. Hakuna kilichobadilika ila atomi zimenenepa kwa elektroni.

London alikuwa Myahudi. Mwaka 1933, miaka mitatu baada ya kazi hiyo, sheria za ubaguzi za Wanazi zilimng'oa chuoni. Akaenda Oxford, kisha Paris, na mwaka 1939 akavuka kwenda Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alikokaa mpaka akafariki 1954. Debye alibaki Ujerumani, na mwezi wa Desemba 1938, akiwa mwenyekiti wa Jumuiya ya Fizikia ya Ujerumani, alitia sahihi barua ya kuwataka wanachama Wayahudi wajiondoe. Mwaka 1940 naye alihamia Marekani. Barua hiyo ilizua mjadala mkali Uholanzi mwaka 2006, hata jina lake likaondolewa kwenye taasisi ya Chuo Kikuu cha Utrecht, kisha likarudishwa baada ya uchunguzi. Kitabu cha kemia hakina habari hizi. Majina hayo mawili yakaa ukurasa mmoja kana kwamba wenyewe walikuwa wakinywa chai pamoja.

Maji, mtungi na mjusi

Kuna jirani mmoja ambaye hata London hamwelezi vya kutosha, naye ni maji. Ukiyalinganisha na ndugu zake, mambo hayaendi. Gesi ya haidrojeni salfaidi, ile inayonuka yai bovu, molekuli yake ni nzito kuliko ya maji, lakini yachemka digrii 60 chini ya sifuri. Kwa mpangilio wa ukoo maji yangepaswa kuchemka chini zaidi ya hapo, na Bahari ya Hindi ingekuwa mvuke. Mwaka 1920 Wendell Latimer na Worth Rodebush wa Berkeley, California, waliandika kwamba haidrojeni iliyoshikwa na oksijeni yaweza kushikwa kidogo pia na oksijeni ya jirani. Mwenzao kijana, Maurice Huggins, alikuwa na wazo hilo hilo. Hiki ndicho kifungo cha haidrojeni, chenye nguvu kuliko mivutano mingine ya ujirani. Mwaka 1953 James Watson na Francis Crick walionyesha kuwa nyuzi mbili za DNA zimeshikwa pamoja na vifungo vya namna hii, na kwa kuwa ni dhaifu, zaweza kufunguliwa kama zipu bila kuharibu uzi wenyewe.

Wazee wetu waliutumia mvutano huu bila kuupa jina. Mtungi wa udongo wapitisha maji kidogo hadi nje, na molekuli zenye mbio zaidi hujinasua kwa majirani zikaruka. Kujinasua kwahitaji nishati, na hiyo yatolewa kwenye maji yaliyobaki. Gramu moja tu ikiruka, yapoza zaidi ya nusu kilo ya maji kwa digrii nzima. Ndiyo maana wakati wa futari maji ya mtungini yalikuwa yateremka kooni vizuri zamani za kabla ya friji, na waliobahatika kuwa na mtungi ukumbini wajua hayana mfano.

Na wa mwisho ni yule anayetembea darini kichwa chini bila wasiwasi, mjusi kafiri (jina si mimi niliyempa). Kwa muda mrefu watu walibishana: ana gundi? ana vinyonyeo? ni unyevu? Mwaka 2000 na tena 2002 Kellar Autumn na wenzake wa Marekani walimpima ndugu yake mkubwa wa Asia, na wakakuta kila wayo una kama vinyweleo nusu milioni, na kila kinyweleo kimechanuka ncha mamia, ndogo kiasi cha kuukaribia ukuta kama molekuli inavyomkaribia jirani yake. Alishika sawasawa ukuta unaopenda maji na usiopenda maji, jambo lililowafanya waseme kuwa kinachomshikilia hasa ni nguvu za van der Waals. Baadaye wengine wakaongeza kwamba chaji za umeme nazo zaweza kuwa na mchango, na utafiti waendelea. Lakini kushika ni nusu ya kazi. Akitaka kuinua mguu haung'oi kwa nguvu. Huvikunja vidole kuanzia nchani, na kinyweleo kikifika pembe ya digrii 30 hivi na ukuta chaachia chenyewe, kimoja baada ya kimoja, naye yuko hatua nyengine mbele akimfuata nzi.